Wa Saba ni Nani? Ushauri kwa Wanaoanza Kupima Drafti ya NFL

Kila Julai, kabla hata msimu wa vyuo haujaanza, kuna kijana ataniandikia: "Kaka, mwaka huu makwotabeki ni hatari, umewaona?" Anasema wale wanaotupa pasi na kuongoza mashambulizi. Nami swali langu huwa moja tu: wa saba ni nani? Hapo kimya. Atanitajia wa kwanza na urefu wake, wa pili na mbwembwe zake, pengine wa tatu. Wa saba hajawahi kumfikiria, na huko chini ndiko kwenye kina, yaani wingi wa wachezaji wazuri katika nafasi moja.

Naandika kwa ajili yenu mlioupenda mpira wa Kimarekani juzijuzi. Tuelewane kwanza: hii si ile drafti ya vizibo vya soda chini ya mwembe, ingawa ubishi ni uleule. Ni siku tatu mwishoni mwa Aprili ambapo timu 32 za NFL zinagawana wachezaji wanaotoka vyuoni, raundi saba, majina mia mbili hamsini na kitu. Waliovurunda msimu uliopita huchagua mwanzo. Nikisema "nafasi" nina maana ya sehemu anayocheza mtu uwanjani, na nikisema "namba" nina maana ya zamu aliyochukuliwa.

Mimi si skauti. Nafanya kazi ghalani hapa Columbus, Ohio, zamu ya usiku, na kwa miaka kumi na moja sasa tuko wanane tunaocheza drafti yetu ya majaribio, tukibashiri nani atamchukua nani, wiki moja kabla ya ile yenyewe. Kila mmoja anabeba timu nne, tunakwenda raundi tatu, na aliye mbali zaidi na ukweli anawanunulia wenzake nyama choma. Nimenunua mara tatu. Karibu yote nitakayowaambia yametoka kwenye bili hizo.

Kosa la kila anayeanza ni kupima nafasi kwa kuangalia kileleni. Akiona wapokeaji wawili wa kutisha, yaani wadaka pasi, anasema mwaka huu wapokeaji wapo. Kilele kina kazi yake, lakini timu nyingi hazichagui kileleni. Timu yenye namba 27 inataka kujua ni nani atakayekuwa amebaki, na yenye namba 58 vilevile.

Chukua wapokeaji wa 2020. Sita walikwenda raundi ya kwanza, wa mwanzo wao namba 12, halafu wengine saba raundi ya pili. Kumi na watatu ndani ya namba 64. Cincinnati walikuwa na namba 1, wakamchukua kwotabeki Joe Burrow, kisha wakarudi namba 33 na kumkuta Tee Higgins yupo. Aliyekuwa amehesabu kina mapema alijua kwamba mwaka ule mpokeaji hakimbiliwi. Kina hakikuondolei kazi ya kuchagua lakini: Philadelphia walimchukua Jalen Reagor namba 21, na Minnesota waliofuata wakamchukua Justin Jefferson, aliyekuja kuwa nyota. Mashabiki wa Philadelphia msiwaguse hapo, bado pana kidonda.

Sasa njoo 2022, mwaka wa bili yangu ya kwanza. Makwotabeki walikuwa haba, kila mtu aliona, hata mimi. Ila niliangalia timu zenye njaa ya kwotabeki nikazihesabu, zikawa nyingi, nikajisemea hawa watapanda tu, watake wasitake. Nikamweka Malik Willis ndani ya kumi bora. Usiku wa Alhamisi, ule wa raundi ya kwanza, alichukuliwa kwotabeki mmoja tu, Kenny Pickett, namba 20, akaenda Pittsburgh. Aliyefuata, Desmond Ridder, alingoja mpaka namba 74. Willis wangu alikuwa namba 86. Mwenzetu mmoja Mkongo, ambaye alikuwa na msimu mmoja tu wa kuufahamu mchezo huu, alimweka Willis raundi ya tatu kwa sababu, alisema, "nimemtazama mara nne, na mara tatu sikumwelewa." Tulimcheka. Nyama yangu aliila vizuri sana.

Kwotabeki wa saba mwaka ule, kama unataka kujua, alikuwa Chris Oladokun, namba 241. Na wa tisa, mtu wa mwisho kabisa katika drafti nzima, namba 262, ni Brock Purdy, aliyekuja kuanza fainali ya ligi, Super Bowl, akiwa na San Francisco. Usinirushie Purdy kama jibu la kila hoja. Kupima kina kunakuambia ghala lina nini kwa jumla. Hakukuambii ndani ya kila boksi mna nini.

Namna ninavyofanya: daftari la kawaida, penseli, ukurasa mmoja kwa kila nafasi. Naandika majina kumi na mawili kutoka juu kwenda chini, halafu napiga mistari. Mstari unapita pale ambapo, kama ningemkosa huyu wa juu na kupewa huyu wa chini, ningesikia kuumia. Kama sisikii kitu, hawa wako daraja moja na mstari haupiti kati yao. Mpangilio ndani ya daraja siujali sana. Wageni wanapoteza usiku mzima wakibishana nani wa nne na nani wa tano, na hao wawili ni sawa, na hata wenye timu wanaona ni sawa.

Thamani ya mistari hiyo niliiona 2023. Ukurasa wangu wa wapokeaji ulikuwa wa ajabu: hakuna mtu juu kabisa, kisha wanne wamebanana, kisha mstari mnene. Nikaamini nimekosea, nikafuta mara mbili. Siku ilipofika, namba kumi na tisa zilipita bila mpokeaji yeyote kuguswa. Namba 20 akaenda Jaxon Smith-Njigba, 21 Quentin Johnston, 22 Zay Flowers, 23 Jordan Addison. Wanne mfululizo, kama daladala zilizokuwa zimekwama kwenye foleni moja. Halafu kimya mpaka namba 39. Ukiwa na namba 19 una muda wa kupumua na kuchagua mtu wa nafasi nyingine, labda hata kubadilishana namba na timu nyingine na kurudi nyuma kidogo. Ukiwa na namba 25 na shida yako ni mpokeaji, ama unapanda mapema au unasahau. Kabla hujapanga timu yoyote itamchukua nani, tafuta kwanza poromoko liko wapi.

Kuna mtego mwingine, na huu ndio unaowanasa hata wenye miaka mingi: jina la nafasi linadanganya. Tuchukue walinzi wa pembeni katika ule ukuta wa watu watano wanaomkinga kwotabeki. Orodha ya Agosti itakuambia wapo kumi. Wapo kumi chuoni, sawa. Zack Martin alicheza pembeni Notre Dame, Dallas wakamchukua namba 16 mwaka 2014 na kumwingiza ndani kuwa gadi, na akawa mmoja wa magadi bora wa kizazi chake. Peter Skoronski alikuwa mlinzi wa pembeni Northwestern, Tennessee wakamchukua namba 11 mwaka 2023, naye wakamwingiza ndani. Mikono mifupi, wanasema, kwa wavamizi warefu wa pembeni wa NFL, wale wanaomkimbilia kwotabeki. Hakuna aibu yoyote hapo, ila kama ulimhesabu kwenye kina cha pembeni, hesabu yako ina pengo, na ukurasa wako wa magadi una utajiri usioujua.

Nikikaa kumtazama mlinzi wa pembeni nafanya kitu kimoja kinachomchosha mke wangu: naficha nusu ya juu ya skrini kwa kipande cha katoni. Nabaki na miguu tu. Mpira unapoanza, mguu wa nje unarudi nyuma. Je, unatua ardhini kabla mvamizi hajafika usawa wake, au bado uko hewani? Ukiwa bado hewani, huyo anasukumwa akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Nahesabu mara ishirini. Wale ambao mguu umechelewa zaidi ya mara sita nawawekea alama ndogo ya "ndani", maana huko ndani njia ni fupi na hahitaji kukimbizana na mtu. Siwezi kukuhakikishia ni sayansi. Lakini orodha ya watu kumi ikibaki watu watano, hicho ndicho kina chako halisi.

Vivyo hivyo wavamizi wa pembeni: wengine ni watu wa kumkimbilia kwotabeki tu, mpinzani akikimbia na mpira upande wao wanafagiwa. Wapokeaji: kuna wa nje, kuna wa ndani, na timu yenye wa ndani wawili haitamwona wa tatu hata awe malaika. Gawa kurasa zako.

Nimesema penseli, na nina sababu. Anayepima mapema anapima watu ambao hawajamaliza kukua. Joe Burrow alitupa pasi 16 za tachidauni, yaani za kufunga, msimu wa 2018. Majira ya joto ya 2019 hakuwa gumzo la raundi ya kwanza. Msimu ule akatupa 60, akachukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, na ubingwa wa taifa, akawa namba 1. Majira ya joto ya 2021 gumzo lilikuwa Spencer Rattler na Sam Howell. Rattler aliwekwa benchi Oktoba hiyohiyo, Caleb Williams akachukua kiti chake. Williams alikuwa namba 1 mwaka 2024, na Rattler, katika drafti hiyohiyo, namba 150. Howell alikwenda namba 144 mwaka 2022. Namba 144 ndiyo hiyohiyo aliyoiangukia Shedeur Sanders 2025, baada ya mwaka mzima wa kutajwa raundi ya kwanza. Sina la kusema kuhusu namba hiyo, ila nimeizungushia duara daftarini.

Halafu kuna Januari, mwezi wa kuamua nani anaondoka chuoni. Mchezaji anaruhusiwa kuingia drafti miaka mitatu baada ya kumaliza sekondari, kwa hiyo wengi katika orodha yako ya Agosti wana hiari ya kubaki chuoni. Zamani wengi walikuwa wanaondoka. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yao, na aliyekuwa aondoke kwenda kugombania raundi ya nne anaona afadhali abaki mwaka mmoja ashike fedha yake hapohapo. Cam Ward alikwisha tangaza kuingia drafti ya 2024, akageuza, akahamia Chuo Kikuu cha Miami, na 2025 akawa namba 1. Kinachoumia hapa ni katikati. Vinara huondoka tu. Wanaobaki ni wale wa daraja la tatu na la nne, yaani kina chenyewe. Kwa hiyo nina desturi: Agosti naandika kumi na wawili, na pembeni ya kila mmoja naandika "lazima" kama hana tena mwaka wa kucheza chuoni, au "hiari". Ukurasa wenye "hiari" nane siusifii mtu. Nilishausifia mmoja, nikala hasara, hiyo ndiyo bili ya pili.

Mbio za yadi 40 kule Indianapolis, wanakopimwa wachezaji kabla ya drafti, niwe mkweli, hazibadilishi kina. Zinapandisha wawili na kushusha mmoja. Furahia, kisha rudi kwenye daftari.

Jambo linalochukua muda kulielewa ni kwamba nafasi moja ikijaa, nyingine inashuka bei. Mwaka 2024 namba 14 za mwanzo zote zilikwenda kwa watu wa upande wa mashambulizi, makwotabeki sita ndani ya 12. Mtu wa kwanza wa upande wa ulinzi, Laiatu Latu, alikwenda namba 15, Indianapolis. Waliotaka watu wa ulinzi walikuwa wanachekelea: wenzao wanagombania mlangoni, wao wanaingilia dirishani. Usipime ukurasa mmoja peke yake. Na usidhani unajua njaa ya kila timu: Atlanta walimsainisha kwotabeki Kirk Cousins Machi ile kwa mkataba wa dola milioni 180, na Aprili wakamchukua kwotabeki mwingine, Michael Penix, namba 8. Ghalani kwetu hakuna aliyepata hiyo. Bili ya tatu, lakini ile nailipa kwa kunung'unika.

Wakimbiaji, wale wanaobeba mpira na kukimbia nao, ndio mfano wangu ninaoupenda kwa wageni, kwa sababu bei yao inapanda na kushuka mbele ya macho yako. Mwaka 2024 hakuna hata mmoja raundi ya kwanza, na Jonathon Brooks ndiye aliyefungua akiwa namba 46. Mwaka uliofuata Ashton Jeanty akaenda namba 6 na Omarion Hampton namba 22, na nyuma yao wengine wawili kabla ya namba 40. Aliyekuwa ameamua kwamba "siku hizi mkimbiaji hana bei" alikuwa anapima kumbukumbu yake ya mwaka uliopita.

Kwa hiyo ukianza, anza na nafasi moja. Acha kwotabeki, kelele zake zitakuharibu masikio. Chukua magadi, au wale wazito wa katikati ya ulinzi. Majina kumi na mawili, mechi mbili kwa kila mmoja, mistari, penseli. Orodha za wengine zifungue baada ya kupiga mistari yako.

Mdogo wangu yuko Morogoro, na raundi ya kwanza inayoanza hapa saa mbili usiku, kwake ni saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa. Aprili iliyopita aliniandikia saa kumi na moja alfajiri, akiwa amechoka, bila salamu: "Wako wanne wa daraja lile wameisha. Wa tano mimi simtaki, nakwenda kulala."