Nakala ya nakala ya nakala: maswali yenu kuhusu Kigiriki na Kilatini cha kale

Makala yangu iliyopita iligusia filolojia, yaani uchambuzi wa maandishi ya kale ya Kigiriki na Kilatini, na imeleta maswali mengi kuliko nilivyotarajia. Nimechukua machache. Waliouliza kama Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, ni jini nawaelekeza kwa masheikh na mapadri.

Kina Plato walikufa zamani. Tutajuaje kwamba tunachosoma leo ndicho walichoandika wao? (Morogoro)

Hatujui kwa asilimia mia, na kazi yenyewe inaanzia hapo. Hakuna hata ukurasa mmoja uliobaki wenye mwandiko wa Plato, mwanafalsafa Mgiriki wa karne ya 4 KK. Tulichonacho ni nakala ya nakala ya nakala. Ukiacha vipande vya mafunjo, hati zake kongwe ni za karne ya 9 BK, zaidi ya miaka 1200 baada ya kifo chake. Virgil, mshairi wa Roma, ana bahati kidogo: baadhi ya hati zake ni za karne ya 5.

Katikati hapo wamepita wanakili wengi, wenye baridi, wenye usingizi, wasioelewa walichokuwa wakikinakili. Mistari miwili ikiishia kwa neno moja, jicho huruka kutoka wa kwanza hadi wa pili, na kilichokuwa katikati kinapotea. Neno likiwa geni, mnakili huweka analolijua. Mbaya kuliko wote ni yule mwenye elimu nusu, maana huyo husahihisha.

Lakini makosa hayohayo ndiyo ushahidi wetu mkubwa. Mwalimu yeyote aliyesahihisha mitihani anajua: wanafunzi wawili wakipata jibu sahihi hushangai, ila wakikosea kosa lilelile la ajabu, unajua nani alikaa karibu na nani. Hati nazo ni hivyo. Tano zikiruka mstari uleule, zimetoka kwa hati mama moja iliyokwisha kuupoteza. Ukiyafuata makosa ya pamoja unachora ukoo mzima wa hati, halafu unapanda nao hadi karibu na mwandishi.

Mbinu hiyo imefungamana na jina la Mjerumani Karl Lachmann. Katika toleo lake la mwaka 1850 la shairi la Lucretius, Mroma wa karne ya 1 KK, alitazama jinsi vifungu vilivyohama mahali pake, akapiga hesabu kwamba hati mama, ambayo hakuna mtu wa leo aliyeiona, ilikuwa na mistari 26 kwa kila ukurasa. Kueleza kurasa za kitabu kisichokuwepo! Mimi hapo ndipo nilipoipenda fani hii.

Wakati mwingine ukoo wenyewe ni mwembamba wa kutisha. Mashairi ya Catullus, Mroma wa karne ya 1 KK, yalikuwa karibu yamepotea kabisa hadi hati moja ilipojitokeza mjini Verona yapata mwaka 1300. Hati hiyo nayo ikapotea, lakini baada ya kunakiliwa. Toa shairi moja lililohifadhiwa pia kwingine, na diwani yote imepita kwenye tundu hilo moja.

Filolojia imewahi kumsaidia au kumdhuru mtu yeyote nje ya chuo? (Nairobi)

Muulize Papa wa mwaka 1440. Kwa karne nyingi Kanisa la Roma lilikuwa na waraka unaodai kwamba Mfalme Konstantino, katika karne ya 4, alimkabidhi Papa Sylvester mamlaka juu ya Roma na nchi zote za magharibi. Lorenzo Valla, bingwa wa Kilatini, aliusoma kama mwalimu mkali anavyosoma insha ya mtoro. Waraka unawataja maliwali kwa cheo cha Kiajemi kana kwamba walikuwa viongozi wa Roma. Unaitaja Konstantinopoli (Istanbul ya leo) kama makao ya patriaki wakati mji huo ulikuwa haujaanzishwa. Kilatini chake si cha zama zile hata kidogo. Leo waraka huo unahesabiwa kuwa wa kughushi, wa karne ya 8 au hapo karibu.

Tusimfanye Valla mtakatifu. Alikuwa akila mshahara wa Mfalme Alfonso, aliyekuwa na ugomvi wake na Papa juu ya Napoli. Hoja zake zilikuwa sahihi hata hivyo.

Homer aliishi kweli, au ni jina tu? (Mwanza)

Homer ndiye anayetajwa kuwa mtunzi wa Iliad na Odyssey, tenzi mbili ndefu za Kigiriki. Ugomvi huu una zaidi ya miaka 200. Mjerumani Friedrich August Wolf aliuchochea mwaka 1795 na haujazima. Aliyebadilisha swali lenyewe ni Mmarekani Milman Parry. Aliona kwamba Achilles, shujaa wa Iliad, huitwa "mwepesi wa miguu" hata akiwa ameketi, na kwamba sifa anayopewa shujaa hutegemea ni mizani ngapi zimebaki kwenye mstari. Hayo ni mazoea ya mtu anayetunga kwa mdomo mbele ya watu, mwenye ghala la vifungu vilivyokwisha kupimwa.

Ili kulithibitisha hilo, Parry alikwenda Yugoslavia kati ya 1933 na 1935 pamoja na mwanafunzi wake Albert Lord, wakawarekodi waimbaji wa tenzi za vita. Mmoja wao, Avdo Međedović, asiyejua kusoma wala kuandika, aliwapa utenzi wenye mistari zaidi ya 12,000, urefu wa Odyssey. Parry alikufa mwaka huohuo wa 1935 akiwa na miaka 33, na Lord ndiye aliyeimaliza kazi. Basi kwamba nyuma ya Iliad kuna vizazi vya malenga, hilo limekubalika. Kama mwishoni alisimama fundi mmoja akaupa umbo tulionao, wataalamu wanagawanyika. Mimi niko upande wa fundi mmoja.

Ni kweli Waislamu ndio waliookoa vitabu vya Wagiriki? (Zanzibar)

Kwa sehemu kubwa ya sayansi na tiba, Baghdad ilifanya kazi ya ajabu, ila picha ina watu wengi kuliko inavyosimuliwa. Hunayn ibn Ishaq, mtafsiri mkuu wa karne ya 9, alikuwa Mkristo wa Hira, Iraki. Waliomlipa wengi walikuwa Waislamu. Alitafsiri vitabu vya Galen, daktari Mgiriki wa kale, kwenda Kisiria na Kiarabu, na kabla ya kutafsiri alikusanya nakala kadhaa za Kigiriki, akazilinganisha, akarekebisha, ndipo akaanza. Anasimulia mwenyewe jinsi alivyokitafuta kitabu kimoja cha Galen katika Iraki, Shamu, Palestina na Misri hadi Aleksandria, akakipata nusu tu, tena Dameski. Huyo ni mwanafilolojia kamili, miaka 1000 kabla ya Lachmann.

Homer, Sophocles na washairi wengine, kwa upande mwingine, walihifadhiwa hasa na wanakili wa Konstantinopoli. Na kuna vitabu ambavyo Kigiriki chake kimepotea na tunavyo kwa Kiarabu tu, kama sura ya 5 hadi ya 7 za jometri ya Apollonius wa Perga.

Nasikia kuna kitabu cha Kigiriki kinachoitaja pwani yetu. Rhapta ilikuwa wapi? (Bagamoyo)

Kipo. Kinaitwa Periplus ya Bahari ya Erythraea, cha katikati ya karne ya 1 BK, na mwandishi wake alikuwa mtu wa biashara wa Misri aliyeandika Kigiriki. Jina lake halimo. Hakuwa mwanafasihi: sentensi zake ni za mtu wa forodhani anayehesabu mizigo, na kwa sababu hiyo namwamini kuliko wengi wenye ufasaha. Pwani anaiita Azania. Anataja kisiwa cha Menouthias, kisha Rhapta, soko la mwisho, lililopewa jina kwa sababu ya mashua zilizoshonwa kwa kamba. Huko zilitoka pembe nyingi za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Iliingia mikuki iliyofuliwa Muza, Yemen, kwa ajili ya soko hili hasa, na mashoka, visu na vitu vya kioo. Mahali pengine walileta mvinyo na ngano, si za kuuza, bali za kujipendekeza kwa wenyeji. Watu wa Muza walituma manahodha Waarabu walioowana na wenyeji na kuijua lugha yao. Lugha gani? Hasemi. Nimeshamkasirikia mara nyingi kwa hilo.

Sasa rudi kwenye habari ya hati. Kitabu hiki kinategemea hati moja ya karne ya 10 iliyoko Heidelberg, Ujerumani. Hati nyingine, iliyoko London, ni nakala yake tu. Mnakili alipojikwaa hakuna wa kumuuliza, na palepale jina la Menouthias linapotokea, herufi zimeungana na kuvurugika. Kwa hiyo wanaobishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia wanabishana juu ya sentensi iliyoumia. Rhapta nayo imependekezwa Pangani, Dar es Salaam na delta ya Rufiji, bila mabaki yaliyokata shauri. Mimi naegemea Rufiji. Bagamoyo msinichukie.

Seminari tulisema "Chichero", sasa mwanangu anasema "Kikero". Nani alimsikia Mroma akiongea? (Songea)

Wagiriki walimsikia, na walipoliandika jina la Cicero, yule msemaji maarufu wa Roma, waliweka herufi yao ya K mara mbili. "Chichero" ni matamshi ya Kanisa yaliyofuata Kiitaliano. Kwenye Misa hayana kosa lolote. Kwa Kigiriki tuna shahidi bora zaidi: mchekeshaji Cratinus wa Athene, karne ya 5 KK, aliandika mlio wa kondoo. Mgiriki wa leo akiusoma kwa matamshi yake atasema "vi vi". Kondoo wa zamani hawakulia hivyo. Walilia "bee bee", kama wa kwetu, na kwa mlio huo tunajua matamshi ya herufi mbili, beta na eta.

Eti kompyuta imesoma vitabu vilivyoungua? (Kampala)

Imeanza. Vesuvius, volkano ya Italia, ililipuka mwaka 79 BK, na mamia ya magombo katika jumba moja la Herculaneum yakageuka mkaa. Yalipochimbuliwa, kuanzia 1752, kuyafungua kulimaanisha kuyavunja. Siku hizi hupigwa picha za eksirei yakiwa yamefungwa, na programu hutafuta wino ndani ya mkaa. Neno la kwanza lilitangazwa Oktoba 2023, na Februari 2024 vijana watatu wakashinda dola 700,000 kwa kusoma safu kadhaa. Mwandishi huenda ni mwanafalsafa Philodemus, na anazungumzia starehe, muziki na chakula. Wengine tulikuwa tukiomba atokee Sappho, mshairi wa kike wa Kigiriki ambaye mashairi yake mengi yamepotea.

Mbinu hizi zinafaa kwa tenzi zetu? (Lamu)

Zinahitajika sana. Hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zina mitego yake: herufi ya B yaweza kusimama badala ya P au MB, na irabu ni alama tatu tu, hivyo E na I hazitofautishwi, wala O na U. Mhariri huamua kwa maana na kwa mizani. Kipande cha utenzi kikizidi mizani 8, kuna neno limesomwa vibaya. Na kiungo na Wagiriki kipo waziwazi: Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, unasimulia vita dhidi ya Herekali. Huyo ndiye Heraclius, aliyetawala Konstantinopoli kuanzia 610 hadi 641, mfalme wa Warumi ambao kufikia wakati huo walitawala kwa Kigiriki. Atakayetaka kuuhariri upya ajifunze kusoma makosa ya wanakili kwanza.

Binti yangu anataka kusomea haya. Asomee wapi, na atakula nini? (Arusha)

Barani mwetu yamo Ibadan (Nigeria), Legon (Ghana) na Chuo Kikuu cha Malawi. Waliosoma fani hii huishia kwenye ualimu, sheria, uhariri, maktaba na makumbusho. Ajira ya filolojia yenyewe ni ya kubahatisha, asidanganywe. Kabla hujauza shamba, afungue Perseus, maktaba ya bure ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani: ukibonyeza neno la Kigiriki au Kilatini unaonyeshwa maana na sarufi yake. Akae nayo mwezi mmoja. Akiwa bado anaifungua usiku bila kusukumwa, niandikie tena tuzungumze habari ya ada.