Babu Fundi Anajibu: Tembo wa chuma asubiri, chukua sururu

SWALI: Shikamoo, Babu Fundi. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kibirizi, Kigoma. Tuko watatu. Mjomba wangu ana eneo lililokuwa gereji ya malori, sasa limebaki pori. Ametuachia tulisafishe, tuweke sanamu za chuma chakavu, watu wakae jioni wakitazama ziwa. Nimeona kwenye simu bustani ya sanamu ya Seattle, Marekani, iliyojengwa kwenye kiwanja cha zamani cha mafuta. Tumeshaunda tembo wa springi na rimu. Je, tuanze na zege la kumsimamisha, au uzio?
Fundi wa Kibirizi

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Zege lisubiri na uzio usubiri. Chukua sururu.

Hapo Seattle palikuwa na bohari ya mafuta ya kampuni ya Unocal. Kabla bustani haijafunguliwa Januari 2007, zilizolewa zaidi ya tani 120,000 za udongo uliokunywa mafuta. Kisha wenye bustani, jumba la makumbusho ya sanaa la Seattle, wakajaza udongo safi, mwingine ukitoka kwenye msingi waliochimba walipopanua jumba lao katikati ya mji. Kwenye simu yako umeiona sanamu ya tai mwekundu ya mchongaji Alexander Calder. Udongo uliozolewa hukuuona.

Basi chimba mashimo matano, yafike kiunoni, hasa pale walipokuwa wanamwaga oili chafu. Tia udongo kwenye ndoo ya maji, koroga, acha utulie. Ukiona utando wenye rangi za upinde wa mvua, oili bado ipo. Betri kuukuu ndizo zinazonitisha zaidi: madini yake ya risasi ni sumu isiyo na harufu wala utando, kwa hiyo udongo wa hapo upimwe maabara, kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Na tafadhali, mnachokitoa msikisukumie ziwani, watu wanaanika dagaa hapo jirani! Muoneni afisa mazingira wa halmashauri awaambie pa kukipeleka. Mkiwa naye, pimeni umbali kutoka ufukweni, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60.

Sasa tembo. Springi za lori zina kaboni nyingi. Ukizichomelea zikiwa baridi, kiungo kinapasuka, leo au mwakani. Zipashe moto kwanza, na zipoe polepole. Mabomba uliyoyaziba ncha zote mbili yatoboe tundu chini. Nilichomelea mabehewa Tabora miaka mingi nikajiona najua kila kitu, nikaunda samaki mgebuka wa mabomba, nikamziba kila mahali. Maji yakapenya kwenye kitundu cha sindano, akaoza kwa ndani. Masika ya pili mkia ukaanguka, na rangi juu yake bado inang'aa.

Halafu usidanganywe na kutu ya Seattle. Yale mabamba makubwa ya mchongaji Richard Serra hayana rangi kwa sababu chuma chake kimechanganywa na shaba na madini mengine, kutu yake inagandamana na kuwa ngozi. Rimu zako hazina ngozi hiyo. Ziwa letu halina chumvi, hilo ni afadhali, lakini rangi ya kuzuia kutu haikwepeki. Iulize meli yetu ya Liemba: Wajerumani walipoizamisha wenyewe mwaka 1916, waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini.

Mfano ninaoupenda kwenu si huo wa Seattle, ule ni wa wenye fedha, na kugusa sanamu ni marufuku. Nani atawazuia watoto wa Kibirizi wasipande tembo? Tazameni Queens, New York. Mwaka 1986 mchongaji Mark di Suvero alishirikiana na wasanii na majirani kusafisha jalala la kando ya mto, wakalifanya bustani. Sanamu hukaa kwa muda, zikaondolewa, zikaja nyingine. Hivyo mnaweza kuanza na kipande kimoja kilicho safi, na tembo akikosewa anarudi karakana.

Kingo zote zipigwe grenda mpaka kiganja cha mtoto kipite bila mkwaruzo. Nawe niandikie, ndoo zilionyesha nini.