Siagi ya karanga yenye ladha: unyevu ndio wa kuogopa

Wengi wanaoanza kutengeneza siagi ya karanga nyumbani huanzia mwisho. Hata karanga hazijakaangwa, swali lao tayari ni waweke ladha gani: asali, chokoleti, mdalasini au vanila? Ladha ni kazi nyepesi, na ndiyo pia inayoharibu chupa nyingi kuliko kukaanga na kusaga. Kinachoziharibu karibu kila mara ni maji.

Karanga ni karibu nusu mafuta kwa uzito wake. Lozi ni hivyohivyo, korosho zimepungua kidogo, hazelnati na walinati zinafika asilimia 60 au kuzidi, na makadamia zinakaribia 75. Ukizisaga huongezi chochote. Unapasua tu vifuko vidogo vilivyobana mafuta, hadi mafuta yatoke na kuzizunguka chembe za protini, wanga na nyuzi. Siagi unayopaka kwenye mkate ni hizo chembe kavu zinazoelea ndani ya mafuta. Lakini chembe zenyewe zinayapenda maji kuliko mafuta. Likiingia tone, zinalinyonya na kushikana, na kilichokuwa kikimiminika kinakuwa donge ambalo hata kijiko hakipenyi. Aliyewahi kudondoshea maji chokoleti iliyoyeyuka ameshaliona jambo hili. Kwa hiyo kila unachotaka kuongeza, kwanza jiulize kama ni kikavu, kama ni mafuta, au kama kimebeba maji.

Kabla ya ladha kuna karanga zenyewe. Zimwage kwenye sinia pana penye mwanga na uchambue kwa mikono. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotoboka au yenye ukungu, itupe. Na kama nyingi ziko hivyo, tupa zote. Hapa sibembelezi mtu, kwa sababu kuvu wanaoota kwenye karanga zilizohifadhiwa vibaya hutoa sumukuvu, na kukaanga hakuimalizi. Sumu hiyo ilikuja kutambuliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960, na chanzo kikapatikana kwenye chakula chao kilichotengenezwa kwa mashudu ya karanga. Ukionja punje ukasikia uchungu usio wa kawaida, iteme. Usijiambie kwamba mdalasini utaufunika.

Kukaanga ndiko kunakoamua ladha ya msingi, na hapo usiondoke jikoni. Kwa oveni, nyuzi 160 hadi 170 za Selsiasi zinatosha. Karanga mbichi huchukua dakika 15 hadi 20, lozi na hazelnati 10 hadi 15, korosho 8 hadi 10 tu kwa kuwa huwahi kuungua. Tandaza safu moja, geuza kila baada ya dakika tano. Kwa kikaango, moto uwe mdogo na mwiko usitulie. Usitazame ganda, maana ganda hudanganya. Vunja punje moja utazame ndani. Ukiona rangi ya dhahabu hafifu hadi katikati, ipua, kwa sababu zitaendelea kujipika kwa joto lake zenyewe. Ukisubiri ziwe za kahawia ndani, zikishapoa utakuwa na uchungu ambao sukari haiuondoi. Zimwage mara moja kwenye chombo baridi, usiziache kwenye trei ya moto.

Maganda ya karanga na hazelnati yafikiche kwa kitambaa kikavu zikiwa na joto, kisha upepete. Ya lozi unaweza kuyaacha kama huna shida na madoadoa. Ya walinati yana ukakasi, toa kadiri utakavyoweza. Na kama ni mtu wa kuloweka karanga kabla ya kuzikaanga, hakikisha zimekauka kabisa hadi ndani, la sivyo unaingiza maji kwa mlango wa nyuma.

Saga zikiwa na uvuguvugu. Joto hulainisha mafuta yatoke haraka, na mashine haiumii. Mashine yenye bakuli pana na kisu kirefu ndiyo inayofaa zaidi. Blenda ya juisi inaweza, ila jagi lake jembamba hutengeneza pango la hewa juu ya kisu, na utakuwa unazima na kukwangua kila mara. Karanga zifunike kisu vizuri. Ukisaga konzi moja kwenye jagi kubwa zitakuwa zinarukaruka tu. Gramu 500 ni kiasi kizuri cha kuanzia, na zitakupa karibu nusu lita.

Sasa fuatilia kwa macho na masikio. Mwanzo ni kelele tupu, punje zinagonga kuta. Kelele inapungua zikiwa chenga, halafu zinakuwa unga unaopanda ukutani huku kisu kikizunguka bila kushika kitu. Zima, kwangua, shusha chini, endelea. Baada ya muda unga unajikusanya kuwa bonge moja zito linalozunguka na kisu, na mashine inalalamika. Hapa ndipo wageni wengi hukata tamaa wakamimina mafuta, au wakamimina maji kabisa. Usiongeze kitu. Zima mashine, ipumzishe, rudi. Bonge litapasuka lenyewe, litatandaa, litaanza kung'aa kwa juu, na mlio wa mashine utashuka kuwa mngurumo laini. Karanga huweza kufika hapo ndani ya dakika tano. Lozi zinaweza kukula dakika 15 au 20 pamoja na mapumziko, na ndiyo sababu watu wengi husema lozi haziwezekani, kumbe waliacha dakika mbili kabla. Ukigusa kitako cha mashine ukakuta hakishikiki kwa joto, pumzisha dakika kumi. Mota ikiungua hutapata siagi wala mashine.

Siagi ikishamiminika kutoka kwenye kijiko bila kukatika, hapo ndipo unafikiria ladha. Kabla ya hapo, hapana.

Anza na chumvi, hata kama unataka siagi tamu. Nusu kijiko cha chai cha chumvi laini kwa gramu 500 kinaamsha ladha ya karanga yenyewe. Chumvi ya mawe isage kwanza, kwa sababu chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Sukari nayo haiyeyuki. Ukiweka ya kawaida utaitafuna, na wapo wanaoipenda hivyo. Ukitaka ulaini tumia sukari ya unga. Kuhusu kiasi, kuna kipimo kimoja ninachokipenda kwa anayeanza: kanuni za Marekani zinataka bidhaa inayoitwa siagi ya karanga iwe na karanga asilimia 90 kwa uchache. Wewe hulazimiki na kanuni hiyo nyumbani kwako, lakini ukijibana humo, yaani nyongeza zote pamoja zisizidi gramu 50 kwenye gramu 500 za karanga, siagi haitakushinda.

Viungo vikavu ndivyo rafiki wa mwanzo. Mdalasini, iliki, tangawizi kavu, kungumanga: visage laini kabisa, viingie kwenye dakika ya mwisho ya kusaga. Iliki toa maganda, tumia mbegu nyeusi tu, na nusu kijiko cha chai kinatosha kwa chupa nzima. Harufu za viungo hivi huyeyuka kwenye mafuta polepole, kwa hiyo ulichoonja leo sicho utakachokula kesho. Weka kidogo kuliko unavyotamani, funika, onja kesho yake ndipo uongeze. Pilipili kavu ni ya kuangalia zaidi, kwa sababu mafuta huuchelewesha ukali wake mdomoni. Ukionja kijiko, hesabu hadi dakika iishe kabla ya kusema haijakolea.

Kakao ya unga ni kavu, kwa hiyo haileti donge, lakini inanyonya mafuta. Vijiko viwili vya chakula vya kakao na vitatu vya sukari ya unga kwa gramu 500 vitaifanya siagi iwe nzito. Kijiko kimoja cha mafuta yasiyo na harufu kitairudisha. Chokoleti halisi iliyoyeyushwa inaingia bila shida, ila siagi itaganda ikipoa. Mimi naona kakao inapendeza zaidi kwenye hazelnati na lozi kuliko kwenye karanga, ambayo ina sauti kubwa na haipendi kufunikwa. Korosho ni kinyume chake: ni pole, na chochote utakachoweka ndicho utakachokisikia. Kwa hiyo kama unataka kujifunza ladha, jifunzie kwenye korosho. Nazi iliyokaushwa nayo saga pamoja na korosho tangu mwanzo, kwa kuwa ina mafuta yake na itayeyukia humo.

Vanila ya maji ina maji na pombe. Kijiko kimoja cha chai kitaleta uzito kidogo tu, si balaa, vitatu vitaleta. Mbegu za vanila au vanila ya unga hazina tatizo hilo. Matunda makavu yanachanganya watu kwa jina lake: tende na zabibu kavu bado zina unyevu wa kutosha kugeuza siagi yote kuwa udongo wa kufinyangia. Matunda yanayofaa ni yale yaliyokaushwa hadi yanapondeka kwa kidole yakawa vumbi.

Na asali. Asali ina maji kama asilimia 17, ndiyo maana siagi ya asali inayotengenezwa nyumbani huishia kuwa bonge. Kama lazima uiweke, iwe ya mwisho kabisa, kijiko kimoja cha chakula kwa nusu ya siagi uliyosaga, na ukoroge kwa mkono mara chache tu. Mashine isiiguse. Njia iliyo bora ni kuiweka kabla ya kusaga: karanga zikikaribia kuiva zipake asali, zirudishe kwenye oveni hadi asali ikauke, zitandaze zipoe hadi zivunjike kwa mlio, ndipo usage. Sukari iliyoyeyushwa hadi rangi ya kahawia hufanya kazi vivyo hivyo. Mwagia hazelnati, acha igande kama kioo, vunja vipande, saga. Hapo unaweza kwenda hata nusu kwa nusu, kipimo cha asilimia 90 ukakisahau, na usijutie.

Ikitokea siagi imeshikana, mafuta kidogo ya vuguvugu husaidia kama maji yalikuwa machache. Kama yalikuwa mengi, nenda upande wa pili: ongeza maji ya moto kidogo kidogo ukikoroga, italainika tena na kuwa mchuzi mzito wa kumwagia mboga au tambi. Ila hiyo si siagi ya kuweka kabatini tena. Itumie siku hiyohiyo au iweke kwenye friji kwa siku chache tu.

Hapo kuna jambo la usalama. Siagi ya karanga hukaa muda mrefu kwa sababu bakteria hawapati maji ya kukulia. Ukiingiza kitunguu saumu kibichi, pilipili mbichi au majani mabichi, umewapelekea maji mahali pasipo na hewa, na bakteria wanaosababisha botulizimu, sumu ya chakula inayoweza kuua, hupenda hasa mazingira ya namna hiyo. Ladha za chumvichumvi zitoke kwenye vitu vikavu: kitunguu saumu cha unga, pilipili kavu, bizari. Kijiko cha kuchotea nacho kiwe kikavu, na chupa ikishaoshwa ikauke kabisa kabla ya kujazwa.

Mafuta yatapanda juu. Hakuna kosa lolote. Ndivyo ilivyo siagi isiyo na kitu cha kuyashikilia. Viwandani huongeza mafuta kidogo yaliyogandishwa kwa hidrojeni, mbinu iliyoenea Marekani katika miaka ya 1920. Nyumbani unakoroga tu, au unailaza chupa kichwa chini usiku mmoja. Kijiko cha mafuta ya nazi husaidia mahali penye baridi kwa kuwa huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Penye joto hayafanyi lolote zaidi ya kuongeza harufu ya nazi. Siagi ya karanga itavumilia wiki chache nje ya friji, miezi miwili au mitatu ndani yake. Ya walinati iende friji siku ileile, mafuta yake huharibika upesi. Ikianza kunuka kama rangi ya kupakia ukuta, mwaga.

Ukishaanza kugawia watu, andika kwenye kila chupa tarehe na kila kilichomo, hata kile ulichoweka nusu kijiko. Mwenye mzio wa karanga anaweza kudhurika na masalio yaliyobaki chini ya kisu, kwa hiyo usisage korosho za mtu huyo kwenye mashine uliyosagia karanga kwa kuisuuza tu. Fungua kisu, osha kila mpira na kila mfuniko, na kama huna hakika, mwambie hapana. Yenye asali isiende kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Na kama uliitia utamu kwa zailitoli badala ya sukari, mwenye mbwa aambiwe, kwa sababu kiasi kidogo tu humdhuru mbwa vibaya.