Kifaa ambacho hakijalala uani kwenu, usipande nacho Lukwangule

Mdogo wangu, subiri kwanza. Hiyo oda usiilipie.

Umeandika kwamba wewe na wenzako wawili mnapanda Lukwangule, kule juu ya milima ya Uluguru mkoani Morogoro, kutokea Mgeta katikati ya Aprili, mlale juu usiku mmoja, na umetuwekea orodha: kisu kikubwa chenye dira kwenye mpini, blanketi la dharura la karatasi ya fedha, chuma cha kutoa cheche, mrija wa kuchujia maji. Umeuliza uongeze nini, ujifunzie wapi, begi la mgongoni la bei gani linafaa, na habari ya nyoka. Nimesoma mara mbili nikajikuta nimesimama. Orodha hiyo ni yangu, kitu kwa kitu, mpaka hiyo dira ya kwenye mpini. Nilipanda nayo Aprili 2017, mlima huohuo, na rafiki yangu nusura anifie mikononi.

Ninachotaka ukishike ni kimoja: kifaa ambacho hujakitumia uani kwenu, usiku, mvua ikinyesha, hakipandi mlimani. Hata kama umekinunua kwa laki tatu, hata kama kimesifiwa na dunia nzima.

Joto la Morogoro mjini lisikudanganye. Mji uko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari. Lukwangule ni uwanda wa nyasi na majimaji ulio juu ya mita 2,300. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6, kwa hiyo usiku ambao mjini watu wanalala na feni, kule juu unakaribia nyuzi 10, na upepo juu yake. Uluguru inapokea mawingu moja kwa moja kutoka Bahari ya Hindi, na upande wa mashariki mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mto Ruvu unaowanywesha watu wa Dar unaanzia kwenye milima hiyo. Na ninyi mmechagua masika! Kiu haitawaua, simba hawatawaua. Kitakachowatafuta ni nguo iliyolowa na upepo.

Sisi tulikuwa wawili. Hatukuchukua mwenyeji wa kutuongoza, kwa sababu nilikuwa nimeangalia video miezi mitatu nikaona najua. Jumamosi mchana tuko katikati ya uwanda, ukungu ukashuka. Kwenye msitu njia unaiona, ni mfereji. Kwenye zile nyasi njia inayeyuka, na kila kichuguu cha nyasi kinafanana na mwenzake. Nikatoa dira ya kwenye mpini. Ndani yake kulikuwa na povu la hewa, sindano imelalia upande, nikigeuka inageuka nami. Ni kidude cha shilingi mia mbili kilichobandikwa juu ya chuma kizito, na dira ikikaa karibu na chuma inavutwa. Tulitembea saa mbili tukarudi kwenye jiwe lilelile.

Mvua ikaanza saa kumi na moja jioni. Saa moja kasoro giza likawa limeshika. Tukajibanza ukingoni mwa msitu, penye mianzi, na hapo ndipo nikafanya kosa ambalo mpaka leo linaniamsha usiku.

Nilikuwa na saa nzima ya mwanga hafifu ya kutengeneza mahali pakavu. Saa nzima! Niliitumia kuwasha moto. Kwenye zile video moto ndio wa kwanza, moto ndio ushujaa. Nikapiga magoti kwenye matope, nakwangua kile chuma. Cheche zilitoka nyingi, nyeupe, za moto kweli, zinadondokea kwenye kuvumwani iliyolowa na kuzimika, tss, tss, tss. Nimekwangua dakika arobaini na zaidi. Ngozi ya kidole gumba ikatoka. Kila kijiti katika msitu ule kilikuwa kimevishwa ukungu na kuvu, ukikikamua kinatoa maji kama sponji. Mwenzangu kakaa chini, juu ya udongo mtupu, kavaa jinzi na fulana ya pamba, ananisubiri mimi.

Nilipokata tamaa ndipo nikafungua lile blanketi la fedha. Lilikuwa bado kwenye pakiti yake, limekunjwa kama leso, sijawahi kulikunjua hata siku moja. Upepo ukalinyakua kwa kelele kama bati. Likagusa ncha ya mwanzi uliovunjika, likatoboka tundu dogo la kalamu, na kutoka kwenye lile tundu likachanika mpaka ukingoni kama karatasi ya pipi. Upana wake usingetosha watu wawili hata likiwa zima.

Mwenzangu alitetemeka mpaka meno yakawa yanagonga. Saa nne nikamwona anahangaika na zipu ya jaketi, anaishika, inamponyoka, kama mlevi anayetafuta tundu la kufuli. Nikamuuliza jina la mtaa wake. Akanitazama muda mrefu, akataja mtaa tuliokulia zamani. Halafu kutetemeka kukapungua, nami kwa ujinga wa kutojua nikafurahi, nikadhani anapata nafuu.

Soma hapa taratibu. Mtu aliyelowa anayetetemeka bado mwili wake unapigana. Akiacha kutetemeka huku hajakauka, hajapata joto, maneno yanamchanganya na vidole havimtii, huyo anaondoka. Joto la ndani la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 tayari ni ugonjwa, na ugonjwa huo hauhitaji barafu. Nyuzi 10 zenye mvua na upepo zinatosha kabisa. Maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa tulivu. Jinzi ikilowa ni sawa na kumfunga mtu kitambaa cha maji kutoka kiunoni hadi miguuni, na udongo aliokalia unamnyonya kutokea chini. Daktari alinieleza hayo yote Jumatatu, wodini, wakati hayanisaidii tena.

Kilichomwokoa hakikutoka kwenye begi langu. Alfajiri walipita wazee wawili wanaovuka kwenda upande wa pili wa mlima. Walisikia nalia, sioni aibu kusema. Hawakuuliza maswali mengi. Mmoja alikata matawi ya majani akayalundika chini, unene wa godoro. Mwingine akatoa kipande cha nailoni, ile ya kuanikia mahindi, akakitandaza juu kwa mteremko na kamba ya manila. Wakamvua nguo zote zilizolowa, wakamvika sweta la sufu la mzee mmoja, lenye matundu viwikoni, wakamwingiza miguu kwenye kiroba kikavu. "Wewe mwanangu vua shati lako, mlalie mwenzako kifuani." Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko ninaotumia kuandika aya hii. Alipoanza kutetemeka tena, mzee akasema, "Haya, karudi huyu." Alipoweza kumeza vizuri akapewa chai ya sukari nyingi kutoka kwenye chupa yao. Hawakuwasha moto. Hawakuuhitaji.

Nailoni, kamba, sufu, kiroba. Mimi begini nilikuwa na vifaa vya shilingi 185,000.

Mwenzangu alilazwa siku tano na nimonia. Mama yake hakunigombeza. Alikuja, akanitazama, akaketi upande wa pili wa kitanda. Laiti angenigombeza.

Sasa nimtaje, bila jina, yule muuza duka wa Kariakoo aliyeniambia, "Hivi ndivyo wanavyotumia makomandoo, kaka, ukiwa na hivi hufi." Nilimuuliza kama amewahi kulala porini, akacheka akasema yeye ni mtu wa mjini. Na yule bwana wa video! Miezi mitatu namwangalia, sikumwona akilowa hata siku moja. Anakwangua cheche juu ya gome la mti wa birchi, gome lenye mafuta linaloshika moto hata likiwa na unyevu, na mti huo ni wa nchi za baridi za kaskazini. Uluguru haumo. Hakudanganya kwa mdomo, ila alinifundisha msitu wa kwao nami nikaupeleka kwetu. Na pembeni kuna mtu ameshika kamera; maana yake akizidiwa kuna wa kumbeba.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua usiku wa mvua wiki hii, na zitakuwepo. Saa tatu usiku toka uani na begi lako tu, taa ya nje izimwe, mlango ufungwe. Jimwagie ndoo ya maji kama mvua imekata. Halafu tengeneza pa kulala kwa mikono iliyolowa, ulale mpaka adhana ya alfajiri. Jirani akicheka mwache acheke, yeye yuko kitandani.

Mimi nilifanya hivyo mwezi mmoja baada ya yale. Usiku wa kwanza nilifunga turubai bapa, likajaza maji katikati kama karai, saa nane likanimwagikia lote. Tangu hapo nafunga upande mmoja juu, mmoja chini karibu na ardhi, mgongo kwenye upepo. Nikagundua kamba nene ikilowa fundo halifunguki. Nikagundua tochi yangu ya kichwani inajiwasha yenyewe begini, betri imekwisha. Na saruji ilinifunza zaidi ya video zote: nilikuwa na blanketi zito juu na chini hakuna kitu, nikaganda. Kinachokuwa chini yako kina umuhimu kuliko kilicho juu. Usiku wa tatu ndipo nililala usingizi.

Kilichobaki kwenye begi langu leo ni turubai jepesi la mita 3 kwa 4, kamba ya manila nyembamba mita 15, kipande cha sponji cha kulalia, sweta mbili za sufu na suruali ya michezo ya poliesta nilizookota kwenye mitumba ya Karume, na seti moja ya nguo kavu iliyofungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki ambayo haiguswi mpaka muda wa kulala. Filimbi shingoni, mipulizo mitatu ndiyo ishara ya kuomba msaada. Viberiti vya gesi viwili, na vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, maana huo unawaka hata ukilowa. Ila kwenye hifadhi moto usiwashe ovyo, uwe wa dharura tu. Kisu ninacho kidogo cha jikoni. Mrija wako wa maji si mbaya, lakini haukuwekei maji ya kubeba. Vidonge vya klorini vinafanya kazi hiyo. Na pombe kali ya "kupasha mwili" iacheni mjini, inapeleka damu kwenye ngozi na joto lenu linakwenda na upepo.

Pa kujifunzia: Msalaba Mwekundu wanafundisha huduma ya kwanza, nenda ukae darasani, ushike bandeji kwa mkono wako. Ukipata kiongozi wa skauti wa zamani, mnunulie chai umwombe mafundo manne tu. Wapagazi wa Moshi, wale wanaobeba mpaka kilo 20 Kilimanjaro, waulize wanavyofunga nguo zao zisilowe. Mmoja alinionyesha kwa dakika kumi nilichokikosa miezi mitatu. Ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000 zinaonyesha mabonde yote ya kule, na programu za simu za OpenStreetMap unaweza kuzipakua ukatumia bila mtandao, lakini simu iwe ndani ya plastiki, na dira iwe ya kweli. Kibali mchukue ofisi ya hifadhi Morogoro, mwenyeji mmlipe, na mtu mmoja nyumbani ajue saa ya kurudi kwenu.

Naona nyoka sijakujibu, wala begi. Begi lolote ambalo mikanda yake haikatiki, ndani weka mfuko mkubwa wa plastiki mzito. Ya nyoka wadau wengine watakusaidia, mimi kule niliona chura tu.

Wenzako hao wawili, mmoja wao ana jinzi? Muulize leo. Na ukishalala uani, rudi hapa uniandikie kilichovuja, kabla ya hiyo safari.