Adui Aliyevaa Kombati Zetu: Kwa Wanaoanza Kutafsiri Tamthilia za Vita

Kazi yangu ya kwanza ya kutafsiri tamthilia ya vita niliiharibu kwa neno moja, na neno lenyewe halikuwamo hata katika mazungumzo. Katika safu ya majina ya wasemaji, pembeni mwa muswada wa kuingizia sauti, niliandika JASUSI kila alipozungumza koplo mmoja wa Kimarekani, ambaye mtazamaji hakutakiwa kutambua kuwa ni Mjerumani hadi kipindi kinapokaribia kwisha. Msanii wa sauti aliyepewa nafasi hiyo aliisoma safu ile kabla ya kusoma maneno yenyewe, akaanza kunguruma tangu salamu ya kwanza, na siri ikawa imekwisha kikosi kikiwa hata hakijaondoka kambini. Kwa hiyo, ninyi mnaoanza, mwiteni mhusika wa namna hiyo kwa jina analojiita mwenyewe, mpaka onyesho lile ambamo wenzake wanamvua kofia. Na msanii wa sauti aelezwe kwamba anaigiza mtu anayejitahidi kupendwa, maana ndivyo pandikizi, yaani adui aliyejipenyeza kwa kujifanya mwenzetu, anavyoishi.

Someni kwanza historia ambamo visa hivi vimechotwa, kwa kuwa waandishi wa tamthilia za Marekani huirudia mno. Mwezi Oktoba 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, Hitler alimwagiza Otto Skorzeny, afisa wa SS (jeshi la chama cha Nazi), aunde kikosi cha askari wa Kijerumani watakaovaa sare za Kimarekani na kuteka madaraja ya mto Meuse nchini Ubelgiji. Operesheni hiyo iliitwa Greif, na ilianza pamoja na mashambulizi makubwa ya Wajerumani katika misitu ya Ardennes tarehe 16 Desemba 1944. Shida yao ya kwanza ilikuwa lugha. Skorzeny mwenyewe alieleza kwamba, katika watu wote waliokusanywa, waliozungumza Kiingereza barabara pamoja na misimu yake walikuwa 10 tu, wengi wao wakiwa mabaharia wa zamani. Kwa waliobaki, ufasaha ulipungua hatua kwa hatua, hadi kuwafikia wale waliokuwa na Kiingereza cha shuleni tu. Tarehe 17 Desemba watu watatu katika gari la Jeep walisimamishwa karibu na Aywaille, wakashindwa kutoa neno la siri, na siku sita baadaye walipigwa risasi huko Henri-Chapelle kama majasusi. Mmoja wao alikuwa amewaambia waliomhoji kwamba shabaha ilikuwa kumteka Jenerali Eisenhower, kamanda mkuu wa majeshi ya Washirika. Habari hiyo haikuwa kweli, lakini ilitosha kumfanya jenerali huyo awekewe ulinzi mzito huko Versailles, Ufaransa, asitoke alivyopenda.

Katika historia hiyo mna jambo linalowahusu ninyi moja kwa moja. Anayefichuka katika visa hivi mara nyingi hufichuliwa na ulimi wake, na ulimi ndiyo kazi yenu. Mtafsiri wa mapenzi au wa mapigano akikosea neno, anapunguza ladha. Mtafsiri wa kisa cha pandikizi akikosea neno, anafuta ushahidi. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka Waamuzi sura ya 12, ambapo Wagileadi walivilinda vivuko vya Yordani na kumtaka kila mpitaji aseme “Shibolethi”, na aliyesema “Sibolethi” akauawa. Wafasiri wa Kiswahili waliliacha neno lile kama lilivyo, nao walifanya vyema, kwa sababu hapo sauti ndiyo iliyobeba kisa na maana haikuwa na kazi yoyote.

Lakini mara nyingi hatuwezi kuacha neno kama lilivyo, na hapo ndipo wanagenzi hukimbilia lafudhi. Nimewahi kumsikia Mjerumani wa mwaka 1944 akibadilishana r na l katika kila sentensi, na watu tuliokuwa tukikagua kipindi kile tukaangua kicheko, ingawa lilikuwa onyesho la mauti. Lafudhi ya kabila lolote la kwetu haimtambulishi mtu kuwa mgeni. Inamtambulisha kuwa jirani, na zaidi ya hapo inamdhalilisha jirani huyo bure. Vivyo hivyo lahaja: mkimpa maneno ya Kimvita katikati ya askari mliowapa Kiswahili cha Dar es Salaam, mtazamaji ataona amesikia mtu wa Mombasa, wala hatamshuku. Njia iliyonifaa mimi ni kumpa Kiswahili sanifu kupita kiasi. Wenzake wanasema, “Oya, daraja liko upande gani?” naye anasema, “Naomba unifahamishe lilipo daraja.” Hakuna kosa hata moja katika sentensi yake, na hilo ndilo kosa. Kila mtu wa kwetu amewahi kukutana na mgeni aliyejifunza Kiswahili darasani, na sikio lake linaitambua sauti ile kabla akili haijaeleza sababu.

Nitoe mfano uliowahi kunikesha. Katika masimulizi ya Ardennes husimuliwa kwamba Mjerumani alijifichua alipoomba mafuta ya gari kwa kusema “petrol”, kama Waingereza wasemavyo, ilhali Mmarekani husema “gas”. Tafsirini maneno hayo neno kwa neno, muone yatakavyowageuka: petroli ni neno letu la kila siku, na gesi ni ya kupikia, kwa hiyo Mmarekani halisi ndiye atakayeonekana kuwa mwongo. Nilichofanya ni kurudi nyuma dakika kadhaa katika muswada na kuhakikisha kwamba sajini na dereva wake wanasema “mafuta” tu, mara mbili au tatu, katika sentensi zisizo na uzito. Mgeni alipofika na kuomba “petroli ya kutosha lita arobaini”, kidokezo kilikuwa chembamba, nakiri, lakini kilikuwapo. Ushahidi wa lugha hauanzii katika onyesho la kufichuliwa, na anayepokea muswada vipande vipande, kila kipande kikiwa na mtafsiri wake, hana budi kudai aonyeshwe kipindi kizima.

Vipo vidokezo ambavyo Kiswahili kinavibeba vizuri kuliko Kiingereza. Pandikizi aliyechoka anaweza kuteleza na kusema “vifaru vyenu” mahali pa “vifaru vyetu”. Silabi moja tu, na mtazamaji makini anaketi wima. Msiitumie mbinu hiyo pale ambapo mwandishi hakuiweka, lakini akiwa ameiweka, msiisawazishe kwa kudhani kwamba amekosea.

Kuhusu maswali ya walinzi, kuweni waangalifu na tamaa ya kuyahamishia kwetu. Jenerali Omar Bradley wa Marekani alieleza kwamba siku zile alisimamishwa na askari wake mwenyewe na kuulizwa mji mkuu wa jimbo la Illinois. Alijibu Springfield, jibu lililo sahihi, lakini mlinzi aliamini kwamba ni Chicago. Hakuna haja ya kubadilisha jina hata moja. Mtazamaji wa Tanzania, ambaye amesikia mara ngapi mgeni akiutaja Dar es Salaam mahali pa Dodoma, ataelewa papo hapo, mradi jenerali aseme “Springfield” kwa uhakika wa mtu aliyeudhika. Magari pia yaacheni yajisemee: Wajerumani wale walikaa wanne katika Jeep moja, jambo ambalo kwa kawaida Wamarekani hawakulifanya, na kamera ikiwaonyesha hivyo, msimpachike mhusika yeyote maneno ya kulieleza. Wala msimtilie sajini kinywani “kikulacho ki nguoni mwako”. Kila mwanagenzi huiandika, nami niliwahi kuiandika.

Limebaki suala la Kijerumani chenyewe. Tamthilia ya Combat!, inayohusu kikosi cha Wamarekani katika vita hivyo, iliyorushwa na televisheni ya ABC ya Marekani kuanzia Oktoba 1962 hadi Machi 1967 kwa vipindi 152, iliwaacha Wajerumani wazungumze Kijerumani bila manukuu, hivyo mtazamaji asiyejua lugha hiyo alikaa gizani pamoja na kikosi. Mtafsiri mpya huona pengo hilo kuwa uzembe, akalijaza. Nilipotafsiri onyesho ambamo koplo wa uongo anamnong’oneza mfungwa maneno machache ya Kijerumani nyuma ya lori, mhariri alinirudishia muswada akiuliza kwa nini nimeacha sekunde nne tupu. Nilimwomba aangalie onyesho lenyewe, sauti ikiwa imefunguliwa. Aliliangalia mara mbili, akafuta swali lake, kisha akaniuliza tangu lini nilikuwa ninamshuku yule koplo.