Cypher hakuwa mzigo: jibu langu kwa mtoa mada kuhusu Doug Ramsey

Mtoa mada, salaam. Umeuliza kwa nini Marvel, wachapishaji wa vitabu vya katuni, hawachoki kumrudisha Doug Ramsey, yaani Cypher, wakati kwa maoni yako alikuwa mzigo ndani ya New Mutants na kitu pekee cha maana alichowahi kufanya ni kufa. Umeuliza pia aanzie wapi mtu anayetaka kumpa nafasi nyingine. Naona wachangiaji wengi wamekuunga mkono kwenye lile la kwanza. Mimi napinga, na naomba mnivumilie kwa urefu wa andiko. Huyu kijana nimemsoma miaka mingi, na kazi anayoifanya ndiyo iliyowahi kunilisha: nimekuwa mkalimani katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, nikichukua maneno ya Kirundi na kuyapeleka kwenye Kiswahili na Kiingereza, kisha kurudi na majibu.

Kwa ambao hawajamsoma, nieleze kidogo. New Mutants ni kundi la vijana mutanti, yaani watu waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida, wanafunzi wa Profesa Xavier, mwanzilishi wa kundi la X-Men. Waliletwa na Chris Claremont na mchoraji Bob McLeod mwaka 1982. Doug hakuwa miongoni mwa watano wa mwanzo. Aliingia toleo la 13, la Machi 1984, lililoandikwa na Claremont na kuchorwa na Sal Buscema, akiwa rafiki tu wa Kitty Pryde, msichana wa X-Men, kijana wa mtaani anayependa kompyuta na michezo yake. Nguvu yake ni moja: anaelewa lugha yoyote, iwe ya kusemwa, ya kuandikwa au ya mashine. Haruki. Risasi inampenya. Akiingia ngumi na mtu mwenye uzoefu, anapigwa.

Mpange sasa na wenzake. Sam Guthrie anafyatuka angani na akiwa kwenye mwendo huwezi kumdhuru. Roberto da Costa anavuta nguvu za jua. Rahne Sinclair anageuka mbwa mwitu. Illyana Rasputin ana upanga wa kichawi na milango ya kumpeleka popote. Kitabu kinatoka kila mwezi, kila mwezi lazima watu wapigane, na hapo katikati kuna kijana wa nywele za dhahabu ambaye kipawa chake hakina mwanga, moshi wala kishindo. Louise Simonson, aliyeipokea kalamu kutoka kwa Claremont, ameshaeleza waziwazi yaliyotokea: wachoraji walichoka kumchora mtu anayejificha nyuma ya mti wenzake wakipambana, na barua za wasomaji zilijaa chuki. Barua za kumpenda zilianza kufika alipokwisha kufa.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako. Doug hakukosa kazi. Kazi yake haichoreki kirahisi, na tumezoea kumpima shujaa kwa kile mchoraji anachoweza kukitandaza kwenye kurasa mbili.

Rudi usome toleo la 21, la Novemba 1984. Wakati huo mchoraji ni Bill Sienkiewicz, na kwangu hizo ndizo kurasa bora za mfululizo mzima wa zamani. Wasichana wa shule wana sherehe ya kulala pamoja, mara kinawaangukia kiumbe kutoka angani, Warlock, mwili wote mashine hai, michirizi ya wino mweusi na manjano isiyotulia. Kinabadilika umbo kila picha, kinaongea kitu ambacho hakuna anayekielewa, na kila kinachofanya kinaonekana ni shambulio. Vijana wanafanya walichofundishwa: wanapigana. Doug anapoitwa na kusikiliza, ndipo tunapopata habari kamili. Warlock ni mtoto. Katika jamii yake baba na mtoto hupigana mpaka mmoja afe, na yeye amekimbia kwa sababu hataki kuua wala kuuawa. Baba yake, Magus, anamfuata.

Fikiria lile pambano lingeishaje bila Doug. Wangemuua mtoto mkimbizi, na wangelala usingizi wakijiona wameilinda nyumba yao. Nguvu za Sam na Illyana zisingewazuia. Zingewaharakisha.

Kambini nimeliona hili kwa sura yake ya kawaida, bila mashine wala anga. Mtu anafika mezani amechoka, ana hasira, anaongea kwa sauti ya juu. Ofisa anayemhoji anaona mgomvi. Ukikaa katikati unasikia kuwa anauliza mtoto wake aliyetangulia na gari la asubuhi yuko wapi. Unalisema hilo kwa lugha ya ofisa na chumba kizima kinabadilika, mabega yanashuka, mtu anatafutiwa maji. Dakika tano baadaye hakuna anayekumbuka kwamba ulikuwepo. Ndivyo inavyotakiwa iwe. Mkalimani akifanya kazi vizuri, wale wawili wanaondoka wakiamini wameongea wenyewe. Ndiyo maana nikisoma watu wanasema Doug hafanyi kitu, sishangai. Anachofanya kinahesabiwa kwa wengine.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipita haraka. Warlock hula kwa kuambukiza kiumbe hai virusi vinavyokigeuza mashine, kisha anafyonza uhai wake. Doug analijua hilo kuliko mtu yeyote, na bado anakubali kuungana naye mwili kwa mwili, wakawa kitu kimoja vitani. Sam anaingia kwenye moto akijua haumuunguzi. Doug anaingia akijua unaweza kumuunguza, na kinga yake pekee ni kwamba anamwamini rafiki yake. Kama ushujaa unapimwa kwa kile unachohatarisha, mimi sioni aliyemzidi katika kundi lile.

Tuje kwenye kifo. Toleo la 60, Februari 1988, mwandishi Simonson, mchoraji Bret Blevins. Vijana wamemfuata Bird-Brain, yule kiumbe nusu ndege, hadi kisiwa cha mwanasayansi anayejiita Ani-Mator, anayetengeneza viumbe kwa kuchanganya wanyama na watu. Ani-Mator anamlenga Rahne kwa bunduki, Doug anajitupa mbele. Risasi moja. Unasema hilo ndilo tendo lake la maana pekee, mtoa mada, nami naona ni tendo lisilomhusu sana yeye kama Cypher. Yeyote kati yao angeruka mbele ya Rahne. Dani Moonstar, mwenzao mwingine, angeruka, Sam angeruka. Ni tendo la mtu mwema, nalo linaumiza, ila halituonyeshi kundi lilipoteza nini.

Kinachotuonyesha ni toleo la 64, na nakuomba ulisome hata kama hutasoma jingine lolote. Warlock anauchukua mwili wa Doug. Anaamini kwamba akimpa kiasi cha uhai wake mwenyewe, Doug ataamka, kama betri iliyoisha chaji. Anazunguka na maiti ya rafiki yake akitaka kumfurahisha Rahne. Ukilisoma kwa haraka utaona ni hadithi ya kutisha tu. Lakini jiulize kwa nini Warlock haelewi kifo. Mambo yote ya dunia hii, tangu usiku ule wa kwanza, alikuwa anaelezwa na mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyelala ndani ya jeneza. Wenzake wanajaribu kumfafanulia na hawawezi, kila mmoja analia kwa namna yake na maneno hayamfikii. Simonson analaumiwa sana kwa kumuua Doug. Kwa toleo hili mimi namheshimu, kwa sababu ndiye aliyeandika pengo lenyewe.

Miaka ya 1990 tuliletewa Douglock, sura ya Doug juu ya Warlock, na sitakaa hapo.

Alirudi mwenyewe mwaka 2009 ndani ya hadithi ya Necrosha, pale Selene, mchawi adui wa X-Men, alipofufua mutanti waliokufa ili wawe jeshi lake. Zeb Wells ndiye aliyekuwa anaandika New Mutants. Doug anarudi bila hiari, anawageukia wenzake, na anawashinda mmoja baada ya mwingine kwa sababu sasa anasoma mwili wa mtu kama sentensi: bega likisogea ameshajua ngumi itatoka wapi. Kuna wasomaji waliosema hiyo ni nguvu mpya aliyobandikwa ili afanane na wengine. Hapana. Mtu yeyote aliyekaa kwenye kiti kile cha katikati atakuambia hiyo ilikuwemo tangu mwanzo. Nakumbuka mama mmoja aliyejibu kila swali kwamba yuko salama, hana shida, huku vidole vyake vikizungusha pindo la khanga mpaka uzi ukaanza kufumuka. Mimi natakiwa kusema alichosema, nisiongeze langu. Nilisema alichosema. Kisha nikamwomba ofisa tupumzike kidogo, tuendelee akiwepo ofisa wa kike. Yale yaliyofuata siyaandiki hapa, ila vidole vilikuwa vinasema kweli. Wells alilielewa hilo, na ninamshukuru.

Kilele cha Doug, kwa maoni yangu, ni Krakoa. Wengi wetu Afrika Mashariki tuliingia X-Men kwa mlango wa Ororo, Storm, kwa kuwa mama yake ni Mkenya, na mtakumbuka kwamba yeye alijiunga na kundi mwaka 1975 kwenye Giant-Size X-Men namba 1. Adui wa kitabu kile alikuwa kisiwa kilicho hai, Krakoa, kinachofyonza nguvu za mutanti. Zaidi ya miaka 40 kisiwa hicho kikabaki kuwa zimwi la zamani. Mwaka 2019 Jonathan Hickman akakifanya taifa, na kwenye Powers of X namba 4 anaonyesha Xavier, mwenye uwezo wa kuingia akili za watu dunia nzima, akimpeleka Doug kisiwani na kumwomba ajifunze kuongea nacho. Doug anabaki, anasikiliza, anaelewa. Kutoka hapo vinakuja makazi, milango ya kusafiria na maandishi mapya ya taifa zima. Kwenye baraza la utawala wamekaa Xavier, Magneto, Apocalypse na wakubwa wengine ambao wamepigana tangu sijazaliwa, na neno la ardhi wanayoikalia linapita kinywani mwa kijana aliyekuwa anajificha nyuma ya mti. Ni hadithi ileile ya toleo la 21: zimwi limesikilizwa, na imeonekana lina la kusema. Hickman hakumbadilisha Doug hata kidogo. Alijenga dunia ambayo kazi yake inaonekana.

Hakumfanya malaika pia, na hilo nalipenda zaidi. Aliyekaa katikati anasikia mengi kuliko wote. Kwenye hadithi ya Inferno, iliyoanza 2021, inafichuka kuwa Doug, kupitia Krakoa na Warlock, alikuwa anazijua siri za wakubwa muda wote huku wao wakimdhani mtoto wa kutumwa. Mkalimani anabeba mamlaka ambayo hakupewa kwa cheo, na kila siku anaamua atayatumiaje. Hilo ni swali zito kuliko nani ana ngumi kali.

Halafu kuna X of Swords ya 2020, hadithi ya mashindano ya panga kati ya Krakoa na Arakko, nchi pacha yake. Doug anachaguliwa kuwa mmoja wa wabeba upanga, kila mtu anajua atakufa, Krakoa yenyewe inamlilia. Anafika uwanjani na badala ya pambano anakuta ndoa: anaozwa Bei the Blood Moon, mpiganaji wa Arakko mwenye kimo na nguvu mara kadhaa yake. Na lugha ya Bei ndiyo pekee asiyoielewa. Mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kukaa na mwenzake bila kumwelewa anapaswa sasa kumjua mkewe pole pole, kwa kumtazama na kumsubiri, kama mimi na wewe. Wanapendana. Sijui mwandishi gani mwingine angempa Doug zawadi ya kutoelewa.

Baada ya enzi ya Krakoa kufungwa mwaka 2024, Heir of Apocalypse ikamfanya mrithi wa Apocalypse, kwa jina la Revelation. Naona ni njia yenye mantiki, kwa sababu sauti inayosikilizwa na kila mtu inaweza kugeuka sauti inayoamuru, lakini moyo wangu uko kwa yule wa zamani.

Kuhusu kuanzia wapi: usianze na toleo la 13, linampitia juu juu. Anza na la 21 mpaka la 23, uone urafiki na Warlock unavyojengwa. Ruka hadi mfululizo wa 55 mpaka 60, kisha 64. Hapo utakuwa umemjua. Baada yake soma Necrosha upande wa New Mutants, House of X na Powers of X, vitabu pacha vya Hickman, kwa mpangilio wake wa kupishana, X of Swords, na mwisho Inferno. Filamu ya New Mutants ya 2020 usihangaike nayo kwa ajili ya Doug, hayumo. Ukifika toleo la 64 rudi hapa utuambie umeonaje, na kama bado utamwita mzigo tutaendelea kubishana.