Taktsang kwenye ukungu: picha zisitoke kijivu

Swali: Shikamoo kaka. Mwezi wa tisa Mungu akijalia naenda Bhutan na wenzangu wa kazini, na siku moja tutapanda Taktsang, lile hekalu la Wabudha lililojibandika kwenye jabali. Nimeambiwa ukungu ni mwingi kipindi hicho. Mwaka jana nilijaribu kupiga ukungu pale Irente, Lushoto, picha zote zikatoka kijivu kama maji ya kufulia, na fokasi ilikuwa inaenda mbele inarudi nyuma haishiki kitu. Nina lenzi mbili, 24-70 na 70-200. Nifanyeje, na nibebe traipodi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Umeambiwa kweli, monsuni, yaani msimu wa mvua, kule inapiga mwezi wa sita mpaka wa tisa, so wewe unaenda mkiani mwake na mawingu yatakuwa bado yanazurura mlimani. Ila hiyo sio bahati mbaya. Taktsang ya jua kali wanayo watu wote.

Kwanza hicho kijivu cha Irente, maana kule kitakurudia hichohicho. Kamera haijui kama inaangalia ukungu, inachojua ni kwamba kuna weupe mwingi mbele yake, basi inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na weupe unageuka kijivu. Kwa hiyo wewe ndo unaongeza kwa mkono: weka ekspoja kompenseisheni, ile setingi ya kuiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga, kati ya +0.7 na +1.3, mi huwa naanza na +1 afu naangalia histogramu, ile grafu ya giza na mwanga wa picha, ule mlima wake usogee kulia lakini usigonge ukuta. Sasa Taktsang ina mtego wake. Kuta ni nyeupe, paa ni za dhahabu, na jabali lenyewe ni jeusi. Wingu likipasuka jua likapiga zile kuta, hiyo +1 yako itaziunguza zote zibaki kama karatasi, kwa hiyo kidole gumba kisitoke kwenye lile gurudumu, ukiona kumefunguka irudishe sifuri haraka.

Fokasi nayo inahangaika kwa sababu inatafuta mahali giza na mwanga vinapokutana, na kwenye ukungu hamna. Subiri hekalu litokeze hata nusu, chagua pointi moja tu ya fokasi, iweke pale ukingo wa paa unapokutana na ukuta mweupe, ikishika hamishia kwenye fokasi ya mkono (manual) na usiguse tena. Mi nabandika kabisa kipande cha selotepu kwenye ringi ya fokasi, wenzangu wananicheka. Wingu likifunika wewe tulia, hekalu liko pale tangu 1692, liliungua 1998 wakalijenga tena palepale, haliendi popote. Ila usibadilishe zumu, maana lenzi nyingi ukizumu fokasi inahama, hapo inabidi uanze upya.

Pa kusimama. Kutoka parkingi mnapanda kwa muda wa saa mbili tatu hivi, katikati kuna mkahawa, watu wanakunywa chai wanapiga picha kwa mbali. Hapo ndo wengi wanatoa 70-200 wakidhani inapasua ukungu, haipasui chochote. Hewa iliyopo kati yako na hekalu ni ileile, ukivuta unavuta na ukungu wote uliopo njiani. Kwa hiyo pale mkahawani piga pana, hekalu liwe kadoa tu juu ya jabali, linapendeza hivyo. Picha yenyewe iko juu zaidi, kwenye kituo cha kutazamia ambapo hekalu liko ng'ambo tu ya korongo, macho kwa macho, kwenye mita 3,120 hivi, na bonde la Paro liko kama mita 900 chini yake. Kutoka hapo ngazi zinashuka mpaka kwenye maporomoko ya maji afu zinapanda tena hadi getini, na getini kamera na simu unaziacha, ndani hazipigwi picha. Yaani usijiambie utapiga ukirudi, unaweza ukatoka ukakuta wingu limeshafunika.

Mi nilikaa hapo kwenye kituo saa moja na dakika arobaini. Kundi langu lilishatangulia, wageni wanakuja wanaona weupe mtupu, wanapiga selfi wanaendelea. Wingu likafunguka kama sekunde arobaini hivi, sio zaidi, nikapata fremu kumi na moja, na niliyoiweka ukutani nyumbani ni ya tatu, ambayo linaonekana paa moja na madirisha mawili tu, kwingine kote maziwa. Ningekuwa bado natafuta setingi kwenye menyu muda ule nisingepata hata moja. So setingi zote maliza mapema, halafu kaa. Mwambie na mwongozaji wenu kabla hamjaanza kupanda kwamba wewe utahitaji muda pale, asije akakuburuza.

Rangi usiitafute kule ng'ambo, ukungu umeshaila. Iko hapo karibu yako kwenye bendera za maombi, buluu, nyeupe, nyekundu, kijani na njano, ziweke kwenye kona ya fremu. Upepo unazipiga sana kwa hiyo shata 1/500 ya sekunde, na ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 800 isikutishe.

Traipodi? Acha. Njia ni nyembamba, watu wengi, na hapo kituoni utawazibia wenzako, egemeza kamera juu ya begi inatosha. Najua wapo wanaopenda shata ya sekunde mbili ukungu utiririke kama hariri, mi naona inageuza ukungu kuwa uji, zile kingo za wingu zinazokatiza kwenye jabali ndo utamu wenyewe. Droni ndo usifikirie kabisa, bila kibali hairuhusiwi.

Kitu kingine kilichoniponza mwenyewe: niliingia mkahawani na kamera ya baridi inaning'inia shingoni, chai inachemka, watu wamelowa jasho, lenzi ikavuta ukungu wake yenyewe, nikapoteza kama dakika ishirini naifuta inarudi naifuta inarudi. Ukiingia mahali pa joto kamera iwe ndani ya begi, zipu imefungwa. Beba vitambaa viwili vya kufutia, kimoja kitalowa tu, na vaa hudi ya lenzi hata kama hamna jua, inazuia manyunyu.

Piga raw, lile faili ghafi la kamera. Waiti balansi, ile setingi ya rangi ya mwanga, usiiachie otomatiki, itakuwa inabadilika kila fremu, weka 5600 ibaki hapohapo. Kwenye kuediti ile slaida ya kuondoa ukungu usiipake picha nzima, anga inachafuka na paa zinaota mistari pembeni, chora maski, yaani eneo la kuhaririwa tu, juu ya hekalu peke yake, ongeza 10 au 15, basi.

Na kabla ya safari rudi Irente asubuhi moja, tafuta nyumba yoyote ya bati ng'ambo huko, piga sifuri, +0.7, +1 na +1.3 ukae uzilinganishe kwenye kompyuta sio kwenye kioo cha kamera. Ukikwama kuipata hiyo kompenseisheni nitajie kamera yako ni aina gani nikuelekeze batani ilipo.